Naomba ushauri: shajara ya marehemu dada imepotea mtandaoni

Habari zenu wakuu. Marehemu dada yangu alianza kuandika shajara yake mtandaoni mwaka 2008, akiwa Tukuyu: mvua, migomba, mama akichuma chai. Juzi nimefungua, ukurasa haupo. Kampuni iliyoitunza imefunga huduma. Nywila aliondoka nayo.

Nimejaribu Wayback Machine ya Internet Archive, wanaohifadhi kurasa tangu 1996. Nimeambulia 11. Maneno yapo, picha zimebaki viboksi vitupu. Ile ya asubuhi ya ukungu, alipoandika "leo mlima Rungwe umejificha", ipo yote. Nimeisoma mara tatu.

Kuna njia ya kupata zilizobaki? Na hizi nizipakue vipi zikae salama, niweke kwenye flashi au nichapishe kabisa? Mama anataka azishike mkononi.