Tupeane uzoefu: ulipoaje woga wa kuongea mbele ya watu ukiwa chuo?

Wakuu habari za muda huu. Nina mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza, kichwa anacho kwelikweli ila akiambiwa kesho unapresenti kwenye seminari tumbo linaanza kuuma leo. Na si yeye tu. Kozi ya stadi za mawasiliano ipo, ya lazima, lakini mnajazana ukumbi mzima mnaandika maana ya mawasiliano na vikwazo vyake, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) mnaviandika tena, mtu anaondoka na A yake hajafungua mdomo. Kwenye kazi za grupu ndo vichekesho, anayeongea ni yule yule wa inglishi midiamu, wengine mmejipanga nyuma yake kama wasimamizi wa harusi, mmoja kapewa kusoma utangulizi mwingine anabonyeza slaidi.

Halafu miaka 7 ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, fomu wani ghafla Kiingereza, ukikosea darasa zima linakucheka, kwa hiyo mtu anafika chuo ameshafuzu kunyamaza. Waliopona semeni mlifanyaje, nadharia tunazo.

#2
Mimi nilisoma ualimu, kilichonitoa ni TP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Fomu tuu hawamuogopi ticha wa fildi, ukinong'ona tu wa nyuma wanaanza stori zao za mpira. Nikawa namtafuta aliyekaa dawati la mwisho kabisa naongea na yeye, akisikia yeye wote wamesikia. Mpaka leo kikaoni nafanya hivyo hivyo.

#3
Huku udaktari hakuna pa kujificha mkuu. Raundi ya asubuhi, mgonjwa umemklaki wewe (umemhoji na kumpima), umezungukwa na spesho (daktari bingwa), maintani (madaktari wa mafunzo kazini), manesi, na mgonjwa mwenyewe anakuangalia. Slaidi hamna. Unaanza umri, jinsia, anatoka wapi, kilichomleta na kimeanza lini, kisha historia, ulichokuta ulipompima, mwisho unadhani ni nini. Ukisema "ana homa" unaulizwa tangu lini, inapanda muda gani, ukiruka hatua unarudishwa mwanzo mbele ya wote. Inauma ila baada ya muda unajua kila mara kinachofuata ni nini, na woga mwingi kumbe ulikuwa wa kutojua useme nini baadaye. Kwenye kutetea risachi nilitumia mpangilio ule ule, tatizo ni hili, lilianza hivi, nimepima hivi, nimekuta hivi, nadhani ni hivi.

#4
Mi napingana kidogo na mleta mada, aibu mnaisingizia, shida ni lugha. Nimesoma sheria, kabla ya muti koti (kesi za mazoezi mbele ya jaji wa kuigiza) nilikuwa namweleza hoja yangu rumeti wangu wa injinia kwa Kiswahili cha geto kabisa, akisema "hapo sijakuelewa" najua hoja yenyewe mbovu. Ikishanyooka ndo naigeuza Kiingereza. Wengi wanakariri Kiingereza cha kitu ambacho hata kwa Kiswahili hawawezi kukieleza, jaji akikukatisha na swali moja tu umekwisha.

#5
Mimi kilichonitoa ni kuongoza vipindi fellowship, ile ibada ya wanafunzi chuoni. Huko hata ukikosea wanakupigia makofi 😂

Mleta mada
#3 na #4 nimewapiga skrinshoti namtumia sasa hivi. #4 swali, rumeti akiwa wa fani hiyo hiyo inasaidia au lazima awe wa nje? Dogo anakaa na wenzake watupu wa kozi moja na seminari ni alhamisi.