Intaneti ya bure kwa kila mtu: serikali itulipie wote, au ifungue tu mlango wa ofisi zake?

Mama Steshenari (Majengo, Moshi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nina kisteshenari hapa Majengo. Laptopu mbili za zamani, mashine ya fotokopi, na printa inayomeza karatasi ikijisikia. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana wanapanga foleni mpaka kwenye benchi la muuza chipsi wa jirani.

Juzi kaja kijana kutoka Uru na bibi yake. Bibi kafungua fundo la khanga, kahesabu pale kaunta: elfu thelathini ya maombi, elfu tano yangu ya kujaza fomu. Nauli ya kurudi akaifunga tena. Tukajaza vizuri mpaka kwenye kupakia vyeti, umeme ukakatika, ruta ikazima. Kijana akasema tuunge kwenye simu yake, ana bando la buku. Sasa laptopu yangu nayo, bila kuniuliza, ikaanza kujisasisha kwa bando hilo hilo. Cheti kikapanda asilimia 40, 60, 80, kikasimama. Bando limekata. Bibi katazama kile kiduara kinavyozunguka, akauliza: "Hiyo ofisi yenyewe iko wapi, twende tukawape mkononi?"

Nilikosa la kumjibu. Ofisi ndiyo hiyo anayoitazama.

Zamani ofisi ya serikali ulikuwa unaingia, unakaa kwenye benchi, unaambiwa njoo kesho, lakini mlangoni hukutozwa kiingilio. Leo TIN, namba ya mlipakodi, ni mtandaoni, ajira mtandaoni, zabuni za serikali ziko kwenye mfumo wa NeST, kuhakiki cheti cha kuzaliwa au cha kifo RITA mtandaoni. Kiingilio kimekuwa bando. Na kwenye bando hilo mna VAT na ushuru wa bidhaa. Yaani nakatwa kodi njiani nikienda kujiandikisha nilipe kodi!

Kuna watu wanasema dawa ni serikali kumpa kila mtu intaneti ya kasi bure nyumbani. Uingereza mwaka 2019 chama cha Labour kiliahidi hivyo kwenye kampeni, kila nyumba na kila biashara ifikapo 2030. Walisema kujenga ni pauni bilioni 20, mkuu wa BT, kampuni kubwa ya simu ya huko, akasema itakaribia bilioni 100. Uchaguzi wakashindwa, kwa hiyo hatukuona nani alikuwa anadanganya.

Mimi nauliza kwa hapa kwetu. Inawezekana? Inafaa? Na niwe mkweli, ikija bure kila nyumba nusu ya wateja wangu wataondoka, kwa hiyo msinione mtakatifu.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Pole dada kwa bando la kijana. Siku nyingine kwenye laptopu weka alama kwamba hiyo waifai ni ya kulipia kwa kipimo, haitajisasisha ovyo.

Mimi navuta faiba. Watu wanadhani ghali ni intaneti yenyewe. Tangu kebo ya baharini ya SEACOM ifike Dar mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulivyoanza kutandazwa mwaka huo huo, mzigo mkubwa unafika mjini bila shida. Ghali ni kipande cha mwisho, kutoka barabarani mpaka ukutani kwako. Mtaro. Arusha hii ukishuka futi mbili unakutana na jiwe, vijana wanapiga sururu siku nzima mnasogea hatua chache. Mkishamaliza, greda la barabara linapita, linakata. Mwezi uliopita nimeunga sehemu moja Sakina mara tatu, mara ya tatu waliokata walikuwa wa mabomba ya maji, na mchoro wetu walikuwa nao mfukoni.

Halafu waya ukishafika mtaani haumalizii kwako. Uzi mmoja tunaugawa kwenye nyumba hata 32. Sasa ukisema bure kwa wote, saa mbili usiku wote 32 wako kwenye mpira na tamthilia, yule mwanafunzi wako wa mkopo anabaki na kile kiduara.

Ningekuwa mimi nashika fungu, nisingelipia bando la mtu. Ningelipia mitaro. Kila barabara inayojengwa ilazwe bomba tupu kabla ya lami, halafu kampuni yoyote ipitishe waya wake kwa ada ndogo. Finland ambayo watu wanapenda kuitaja, Julai 2010 waliifanya megabiti 1 kwa sekunde kuwa haki ya kisheria ya kila mtu, lakini haki ya kuunganishwa kwa bei ya kawaida. Bili bado inakuja.

Kijana wa Ngarenaro

Mimi nasema hapana kabisa. Anayekupa bure ndiye mwenye swichi. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa tumesahau? Ni siku kadhaa hata "umefika salama?" huwezi kumtumia mama.

Fundi wa Njiro (Arusha)

Mdogo wangu, Oktoba 2025 mimi nilikuwa nimelipia mwezi mzima. Kulipa kulinisaidia nini? Swichi ni suala la sheria na nani anamhoji mwenye nayo. Bei haiingii hapo.

Mzee wa Mfongo (Machame)

Marahaba wanangu.

Huku mlimani tulikuwa na kitu cha bure kabla hamjazaliwa: maji ya mfongo. Lakini niwaeleze hiyo bure ilikuwaje. Mfereji unatoka mtoni juu huko msituni, unapita kwenye mashamba ya watu, kila ukoo una zamu yake. Sisi tulikuwa na Jumanne asubuhi mpaka jua la utosi. Hakuna aliyelipa senti. Ila panda ikipigwa ya msaragambo, kila nyumba inatoa mtu na jembe kwenda kuzibua tope. Usipotokea, faini ni debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Usipotoa mbege, siku yako ya maji mnafungiwa, na wala hakuna wa kumlalamikia kwa sababu wote wanajua ulikuwa kilabuni.

Kwa hiyo nikisikia "bure kwa wote" nauliza: tope atazibua nani? Mabomba ya mradi yalipokuja tuliambiwa ni ya bure, hatukuwekewa kamati wala zamu. Koki ya pale kwetu ilipokufa, ilikaa imekufa. Mfongo wa babu zetu bado unatiririka.

Na jambo jingine linanichekesha. Agosti 2022 serikali iliwasha intaneti ya kasi kule Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro, mita 3,720, ili mzungu aonyeshe picha kwao akiwa njiani kwenda Uhuru. Vizuri, watalii wanaleta pesa, wapagazi nao wanawasiliana na nyumbani. Lakini mimi niliye chini ya huo mlima, bondeni kwenye migomba, nikitaka kuongea na mwanangu aliye Mwanza napanda mpaka uwanja wa kanisa. Tukikutana pale jioni wazee sita kila mmoja na simu yake sikioni, paroko anadhani tumekuja novena.

Mwalimu wa Usa River

Mzee, shikamoo, umenichekesha kweli.

Nifikishe hoja moja tu kwa sababu nina madaftari ya kusahihisha. Hapa Tanzania "bure" tunaijua. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne Januari 2016, na watoto wamejaa kweli madarasani, hiyo si ndogo. Lakini mzazi anajua michango iko palepale kwa majina mengine. Intaneti ya bure kwa kila nyumba itaishia hivyo. Bora ianzie shule, zahanati na ofisi ya kijiji, iwe ya kasi na iwe inafanya kazi kweli. Jimbo la Kerala huko India walizindua mtandao wao wa KFON Juni 2023 wakilenga familia maskini milioni 2 kupewa bure, wengine wote wanalipia. Mwenye kipato alipe.

Na sisi Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote tunao, una sheria yake ya 2006. Kazi yake ni kusukuma huduma kule ambako kampuni haioni faida. Hatuanzi sifuri.

Mama Steshenari (Majengo, Moshi)

Asanteni sana. Mzee, hiyo ya paroko nimemsomea muuza chipsi, kaunguza viazi.

Nimekaa nimefungua daftari langu la wateja. Ukurasa wa Jumatatu, mstari kwa mstari: TIN, Ajira Portal, RITA, mkopo, mkopo, NIDA, kontroli namba ya faini, mkopo. Chini kabisa kadi moja ya kipaimara. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuangalia mpira. Kwa hiyo mwalimu na fundi wamenisogeza, sidai tena kila nyumba. Nadai kitu kidogo na sioni kwa nini kishindikane: tovuti yoyote ya serikali ikifunguliwa, MB zisikatwe. Kampuni za simu zinajua kufanya hivyo, si wanatuuzia bando la WhatsApp peke yake? Wanajua kabisa hii ni WhatsApp na hii siyo. Basi wajue pia hii ni fomu ya mkopo. Gharama serikali ikalipane na kampuni huko huko, kama inavyolipa umeme wa taa za ofisi.

Fundi atasema mnara bado haufiki kwa mzee. Kweli, mitaro yake na ule mfuko wa mwalimu viendelee. Lakini hili langu halihitaji sururu.

Kijana wa Ngarenaro, sijakusahau. Jibu lako sina.

Leo asubuhi yule bibi kashuka tena kutoka Uru, peke yake, na chana mbili za ndizi kwenye kiroba. Anauliza kama ile ofisi imeshajibu. Nikamfungulia kwa bando langu. Imejibu: cheti cha kifo cha baba hakijahakikiwa, warudie. Nimemtafsiria. Akanyamaza kidogo, halafu akashika lile fundo la khanga. Nimemwambia afunge, leo atalipa kwa ndizi. Ruta imerudi, ngoja niingie RITA kabla haijakata.