Naombeni ushauri: nawafundisha wadogo zangu PUBG Mobile, siku ya tisa wote watatu wanataka kuifuta

Kaka wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisikilize hadi mwisho, jambo lenyewe linaniumiza kweli.

Nipo Uyole, Mbeya. PUBG Mobile, lile gemu la simu la kuruka kwa ndege na kupigana hadi ibaki timu moja, naicheza tangu 2019 na imenipa marafiki ambao ningeshawapoteza. Wawili walihamia Dodoma na Mwanza, na bado tunaongea kila wiki kwa sababu ya skwadi, ile timu ya watu wanne. Mwaka huu nikatamani kucheza na watu wa nyumbani. Yupo mdogo wangu wa kiume, amemaliza kidato cha sita anasubiri chuo. Yupo binti wa mama mdogo, anashona nguo Mwanjelwa. Na yupo jirani yetu, kijana wa bodaboda. Simu wanazo, na hamu walikuwa nayo.

Juzi tumeruka Pochinki, ule mji wa katikati ya ramani ya Erangel wenye vita vingi. Mdogo wangu akatua juu ya paa, akashuka ndani, akakuta bunduki ya AKM sakafuni na risasi pembeni. Nikasikia hatua za mtu kwake. Nikamwambia: "Yupo mlangoni, geuka kushoto, chuchumaa, fungua mlango, hapana usifungue!" Nikimtazama, macho yake yako kwenye vidole gumba, anatafuta kitufe cha kuchuchumaa. Mlango ukafunguliwa, risasi zake zote thelathini zikaishia darini, akafa. Hakukasirika. Aliweka simu mezani taratibu, akasogeza mikono kwenye jiko, akasema: "Kaka, mimi humu ndani sioni kitu." Sauti ile bado inanisumbua.

Kila usiku ni hivyo hivyo. Tunasubiri mechi, tunapanda ndege, tunatua, wanakufa wote ndani ya dakika moja, halafu wanakaa kunitazama mimi nikicheza. Mliowahi kufundisha watu wapya, mlianzia wapi?

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene mkuu. Wangu ni mfupi. Warushe Pochinki kila mechi mpaka wazoee. Sisi hakuna aliyetushika mkono, tulijifunza kwa kufa. Akifa mara mia atajua mlango unafunguliwaje.

Fundi wa Kabwe

Mkuu, kabla ya kulaumu vidole vyao, shika simu zao. Mimi natengeneza simu hapa Kabwe na haipiti wiki sijaletewa inayoganda kwenye gemu hili. Ingia kwenye mipangilio ya picha, weka Smooth, halafu upande wa fremu pandisha hadi pale simu inapokubali. Majani mazuri hayamsaidii mtu anayemwona adui amechelewa. Angalia na nafasi iliyobaki kwenye simu, ikijaa picha na video za WhatsApp lazima igande. Kava nene la mpira livuliwe wakati wa kucheza. Simu ikichemka inajipunguzia nguvu yenyewe, na baridi yetu ya mwezi wa saba haisaidii kitu kama simu imevikwa koti.

Jambo jingine ni jairo, ile ya kulenga kwa kuinamisha simu. Vijana wanaangalia wachezaji wakubwa YouTube, wanaiga namba zote za wepesi wa kugeuka, halafu wanashangaa hawawezi. Simu nyingi za bei ya chini hazina hicho kihisi kabisa! Washa jairo, nenda uwanja wa mazoezi, inamisha simu. Picha isiposogea, hakuna kihisi, na namba zile si zako. Usimwambie mtu akanunue simu nyingine. Vidole gumba viwili vinatosha kumfikisha mbali.

Na hedifoni ziwe za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti, na kwenye gemu hili mtu anasikika kabla hajaonekana. Asiye nazo kabisa, mfundishe kutazama ramani ndogo pembeni, hatua za mtu aliye karibu zinajichora pale.

Dada wa Tukuyu

Ugonile kaka. Nimesoma bandiko lako mara mbili kwa sababu mimi nilikuwa huyo mdogo wako.

Mnyalukolo, samahani, sikubaliani na wewe. Anayekufa mara mia bila kujua kilichomuua hajifunzi chochote.

Nilianza 2021 kwa kaka zangu. Wiki ya kwanza wote walikuwa wananipigia kelele kwa wakati mmoja, na mmoja akafikia kuniambia nawaharibia. Nikaacha. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifuata jikoni akaniambia: "Rudi, ila safari hii una kazi moja tu. Utabeba dawa na utasoma dira. Kupiga risasi tuachie sisi." Hiyo kazi ndiyo iliyonibakiza.

Dira ni ule mstari wa namba juu ya skrini. Mtu mpya akiona adui anapiga kelele "huyo, huyo hapo!" na hakuna anayejua hapo ni wapi. Kaka akanizoeza kusema namba na kitu kimoja tu: "Mia mbili arobaini, nyuma ya mti." Siku mbili tu nikawa nategemewa. Nilikuwa sijaua mtu hata mmoja, lakini skwadi nzima ilikuwa inageuka nikisema neno. Kaka, sijui nikueleze vipi jinsi hilo linavyompa mtu moyo.

Dawa nazo zina akili yake. Bandeji na kile kisanduku cha huduma ya kwanza havikuvushi robo tatu ya uhai wako. Ukitaka kujaa unywe vinywaji vya nguvu au vidonge, vinakupandisha polepole na ukiwa navyo mwilini unakimbia haraka zaidi. Anayejifunza anasimama katikati ya uwanja kujifunga bandeji, anauawa akiwa amejaza mkoba. Mfundishe utaratibu mmoja: kwanza kitu cha kujikinga, halafu kuchuchumaa, halafu dawa. Na asiogope zoni mwanzoni, yaani lile duara linalojifunga na kuumiza aliye nje yake. Zile za kwanza zinaumiza kidogo kidogo, za mwisho ndizo zinazoua upesi. Wengi wanakufa kwa kukimbia uwanda mtupu wakati walikuwa na muda wa kuzunguka mlima.

Sasa turudi kwako. Umeandika mwenyewe: geuka, chuchumaa, fungua, usifungue. Hizo ni amri nne kwa sekunde tatu, kwa mtu ambaye bado anatafuta kitufe. Ukiwa mbele ya mwalimu wa namna hiyo hata jina lako unaweza kulisahau. Mwambie jambo moja kabla ya kuruka, halafu nyamaza mpaka mechi iishe.

Na nikuulize: upo daraja gani?

Kaka wa Uyole

Dada, asante sana. Nimemsomea mdogo wangu hiyo sehemu ya amri nne, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nipo Crown, huko juu. Wao wote ni Bronze, daraja la chini kabisa.

Dada wa Tukuyu

Basi ndipo penyewe. Ukiwaingiza kwenye skwadi yako unawapeleka kwa watu wa saizi yako, waliocheza miaka. Wakiingia wenyewe huko Bronze, wengi watakaokutana nao ni roboti, wachezaji wanaoendeshwa na gemu lenyewe. Utawajua tu, wanakimbia wima, wanapiga risasi mbili tatu hovyo, wanasimama. Hao ndio wa kujifunzia kulenga. Waache watatu wacheze peke yao, wewe kaa katikati yao na simu yako mfukoni.

Kaka wa Uyole

Je, nikifungua akaunti mpya nishuke nao huko Bronze, si itakuwa rahisi zaidi?

Dada wa Tukuyu

Usifanye hivyo kaka. Huko chini kuna mdogo wa mtu mwingine naye anajifunza, na wewe ndiye utakayemfuta. Halafu ukiwepo utaua wote, wao watabaki kuokota vitu nyuma yako.

Mnyalukolo wa Kihesa

Nimerudi. Yale maneno ya dada yamenikaa kichwani, jana usiku nikachukua saa nikapima. Mechi moja ya Erangel, nimeruka Pochinki. Kusubiri, ndege, kushuka, kuokota, zimepita kama dakika nne. Mapigano yenyewe sekunde kumi na tano, nikafa. Ina maana mtu mpya akicheza saa nzima kwa mtindo wangu anapata dakika tatu nne za kufyatua bunduki, muda mwingine wote ni kungoja. Mkuu, ushauri wangu wa mwanzo naufuta.

Wapeleke TDM, ile mechi fupi ya timu mbili kwenye uwanja wa Warehouse. Ni wanne kwa wanne, timu ya kwanza kufikisha mauaji 40 inashinda, na ukifa unarudi palepale. Ndani ya dakika kumi watapigana mara nyingi kuliko usiku mzima wa Pochinki, na kufa kunakuwa hakuumi. Kabla ya hapo kila mtu robo saa uwanja wa mazoezi. Waachane na AKM kwa sasa, risasi ya 7.62 inauma lakini bunduki inaruka sana mkononi. Waanze na M416 ya risasi 5.56, au UMP45 kwa ndani ya nyumba. Apige ukuta akiwa amechuchumaa, aone matundu yanavyopanda, kisha avute kidole chini polepole mpaka matundu yakae pamoja. Akiuona ukuta ule atakuwa ameelewa kilichompata darini.

Wakirudi Erangel watue mbali na mstari wa ndege. Kameshki, Primorsk, Lipovka, kutegemea ndege imepita wapi. Wakati wa kuruka, anayeinamisha kichwa chini kabisa anafika kilomita 234 kwa saa na kutua mapema, anayetaka kwenda mbali anyooke. Na wasikimbilie ramani ya Livik kwa sababu mechi zake ni fupi. Ni kilomita mbili kwa mbili na watu 52, hakuna pa kupumua.

Mtandao pia. Angalia ile namba ya pingi kwenye skrini, inayoonyesha mtandao unavyochelewa. Ukichagua seva, chagua yenye namba ndogo. Ikizidi 200 mtu anajificha nyuma ya ukuta na bado anakufa, halafu anaamini yeye ndiye mbovu. Kwangu Kihesa inatulia kuanzia saa nne usiku.

Mwalimu Njombe

Vijana, nawapongeza kwa mnavyoelekezana. Mimi nina watoto wawili wanaocheza gemu hili, nina machache.

Nguo na rangi za bunduki zinazouzwa kwa UC, pesa ya ndani ya gemu, hazimwongezei mtu uwezo. Mtoto mpya anaposhindwa hushawishika kununua akidhani ndiyo dawa. Mwambieni mapema. Pia kuna wanaouza programu za kuona watu kupitia ukuta. Akaunti ikikamatwa inafungiwa miaka 10, na simu inaweza kubaki na mdudu wa kuiba namba za siri. Binti wa kazi ya kushona huenda ana pesa zake za biashara kwenye simu hiyohiyo. Namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe asimpe yeyote anayejiita mhudumu wa gemu.

Kaka wa Uyole

Shikamoo mwalimu, nimekuelewa, na simu ya binti nimeikagua leo leo.

Kaka wa Uyole

Wakuu, zimepita siku nane, nimerudi kuwapa matokeo kama nilivyowaahidi wengine faragha.

Siku tatu za kwanza hatukugusa Erangel kabisa. Uwanja wa mazoezi, kisha TDM. Simu ya bodaboda kumbe haikuwa na kihisi cha jairo na mimi ndiye niliyemwekea zile namba, nimemwomba radhi. Yeye ameacha. Anasema akitoka barabarani kutwa nzima macho hayataki tena skrini. Nimemkubalia, bado anapita jioni kunywa chai na kuangalia.

Wawili waliobaki wameingia Bronze wenyewe, wakachaguliwa wenzao wawili wasiowajua. Nilikaa kwenye kigoda katikati, simu mfukoni kweli. Kunyamaza kulikuwa kugumu! Mara mbili nimeuma kitambaa. Nilimwambia kila mmoja jambo moja: mdogo wangu alinde mlango, binti asome dira.

Jana wametua Kameshki, hakuna aliyewafuata. Mechi imefika watu kumi na wawili, wote wawili wazima. Binti akachuchumaa nyuma ya jiwe, hedifoni ya waya sikio moja, akasema kwa sauti ya chini kama anayehesabu pima za kitambaa: "Mia na kumi. Nyuma ya gari. Mmoja." Mdogo wangu hakutazama vidole. Akageuka, akapiga mara tatu tatu, mtu akaanguka. Wenyewe walitolewa wakiwa nafasi ya sita. Hakuna aliyeweka simu mezani, waliniuliza tu kama bando linatosha mechi nyingine.

Jumamosi saa nane mchana wanaingia tena. Wameomba dada wa Tukuyu awe wa tatu kama daraja lake haliwapandishi sana.

Dada wa Tukuyu

Nipo Gold tu kaka, niliacha muda mrefu, sitawaumiza. Nitumie majina yao faragha. Mwambie binti dawa na dira abaki navyo yeye, mimi nitabeba risasi za ziada.