Integrali kwa alama: niandike Risch au nifuate kanuni kama Rubi?

fundi_namba: Wakuu habari. Natengeneza programu ya hisabati, nataka itoe integrali kwa alama, siyo kwa makadirio. Risch (algoriti inayotafuta jibu, au kuthibitisha kwamba halipo) au jedwali la kanuni kama Rubi? Naamua wiki hii.

Mzee wa Logi: Unauliza bei bila kutaja bidhaa. Lugha gani? Mizizi ya mraba imo? Nani atatumia?

kasuku_x: Risch, hakuna mjadala. Polinomia juu ya polinomia: mbinu ya Hermite kwanza, halafu ya Rothstein–Trager, unapata sehemu ya logi bila kuivunja asili (polinomia ya chini) yote hadi mizizi yake. Ikikataa e^(-x²), imethibitisha jibu la kawaida (la polinomia, mizizi, logi, e^x na trigonometria) halipo. Jedwali likikwama, utajuaje kama hakuna jibu au kuna kanuni iliyosahaulika?

BintiMwalimu: Kwa mdomo ni rahisi. risch_integrate ya SymPy, maktaba ya hisabati ya Python, haigusi mizizi ya mraba. FriCAS, programu nyingine ya aljebra, imefika mbali na Risch, na bado kuna kona inagoma. Rubi ina kanuni zaidi ya 6,000 na majibu yake yanasomeka.

kasuku_x: 6,000 utaziandika wewe? Walijaribu kuihamishia Rubi kwenye SymPy, mwishowe ikaondolewa.

Ngalawa: Nyote mnasahau mipaka. Kazini tulitumia maktaba moja, jina naliacha. Tukaipa 1/(2+cos x), toka 0 hadi 2π. Ikaweka t = tan(x/2), ikatoa (2/√3)·arctan(tan(x/2)/√3). Ukidiferenshieti, safi kabisa, na majaribio yao yote yalikuwa hayo tu. Ukiweka mipaka: sifuri! Grafu yote iko juu ya mstari, eneo linakuwaje sifuri? Jibu ni 2π/√3, kama 3.63. Ile arctan inaruka pale x = π. Ripoti ilishaenda kwa mteja, tukaanza kupigiana simu usiku.

BintiMwalimu: Hilo si kosa la Risch wala la kanuni.

Ngalawa: Mteja hakujali ni la nani.

kasuku_x: Mwanahisabati Rioboo alitatua sehemu ya tatizo hilo la kuruka, kwenye kugeuza logi changamano kuwa arctan.

Mzee wa Logi: Ugonjwa mkubwa ni kutambua kama usemi fulani ni sawa na sifuri, na Risch inalihitaji hilo. Mwanahisabati Richardson alionyesha 1968 kwamba kwa ujumla haiwezekani.

fundi_namba: Samahani, sikusema: ni ya simu, kidato cha sita, wanataka kuona hatua.

BintiMwalimu: HATUA?! Basi Risch ya nini? Tazama manualintegrate ya SymPy, inafuata hatua kama za mkono.

kasuku_x: SymPy kwenye simu ya bei poa? Mwanafunzi atalala ikifunguka.

Mzee wa Logi: Na mtihani si vikokotoo visivyoprogramiwa tu?

fundi_namba: Ni ya kujisomea nyumbani, mzee. Giac, maktaba ya aljebra ya C++, je, nani kaijaribu kwenye Android?