Mgonjwa anaomba nakala ya faili lake, mwajiri naye anataka kujua ugonjwa: zahanati ifanyeje?

Mapokezi Tabata
Wakuu, habari za saa hizi. Zahanati ni ya binafsi, ina daktari mmoja na matabibu wawili. Mafaili bado ni ya karatasi. Kwenye kompyuta kuna malipo na dawa tu. Mgonjwa aliyehamia Kigamboni anataka nakala ya faili lake lote. Wiki hiyohiyo ofisi anakofanya kazi imeleta barua yenye mhuri ikitaka "taarifa kamili ya ugonjwa", kwa sababu amekuwa nje ya kazi siku tisa. Nani apewe nini? Na faili lenyewe ni mali ya nani?

Mtunza Masijala
Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalowachanganya wengi. Jalada na karatasi ni vya zahanati, taarifa zilizomo ni za mgonjwa. Kwa hiyo faili halisi halitoki, inatoka nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake na kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa. Za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo uangalifu wake ni mkubwa zaidi.

Mwombe aandike ombi, hata nusu ukurasa linatosha: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili, anataka za kuanzia lini hadi lini, na sahihi. Angalia kitambulisho, kisha linganisha namba ya simu na ile iliyomo kwenye faili. Akimtuma ndugu, aje na barua ya idhini na nakala za vitambulisho vya wote wawili. Ndoa peke yake si idhini: mume hachukui majibu ya mke kwa kuwa tu ni mumewe, na mke vivyo hivyo.

Sasa hapa ndipo panapoharibika. Kabla ya kutoa nakala, pitia faili karatasi kwa karatasi. Vile vikaratasi vya maabara vinavyobanwa kwa pini huhamia faili la jirani, hasa siku yenye wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana. Ukitoa nakala bila kukagua, umempa mtu majibu ya mwenzake, na daktari wa Kigamboni anaweza kumtibu kwa majibu yasiyo yake.

Usilipeleke faili steshenari ya mtaani. Nakala zitolewe ndani, au mtumishi asimame kwenye mashine mpaka karatasi ya mwisho. Weka namba kwenye kila ukurasa, gonga mhuri wa NAKALA, tia kwenye bahasha iliyogundishwa, kisha asaini kwenye daftari la kutolea: tarehe, idadi ya kurasa, jina.

Mwulize pia kama angependa muhtasari wa tiba: magonjwa aliyotibiwa, dawa na dozi zake, mzio, upasuaji, majibu ya karibuni. Daktari mpya huusoma kwa dakika mbili. Ila akitaka lote, mpe lote.

Wakili wa Ilala
Kuhusu barua ya mwajiri: mhuri wa ofisi haujazi nafasi ya idhini ya mgonjwa. Kwanza mpigie mgonjwa mwenyewe umwambie barua imekuja. Asiporidhia, jibu liwe fupi:

"Tunathibitisha kuwa aliyetajwa alihudumiwa hapa tarehe fulani, akapewa mapumziko ya siku tisa, na anaweza kurejea kazini tarehe fulani."

Kama kuna kazi asiyoiweza kwa muda, mfano kubeba mizigo, taja katazo tu, si ugonjwa. Akiridhia zaidi ya hapo, idhini iandikwe: taarifa ipi, anapewa nani, kwa shughuli gani. Kifungu cha jumla alichosaini siku ya kuajiriwa msikitegemee.

Majibu ya VVU yana ulinzi wake wa ziada chini ya Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Hayo hayatoki kwa mwajiri ili kumridhisha tu.

Bima nayo ina mlango wake. Fomu ya madai hubeba ugonjwa, na hilo ni kati ya zahanati, mgonjwa na mfuko wa bima. Ofisi inayolipa michango haipati haki ya kuisoma. Wakitaka ripoti ya matumizi, wapewe jumla za fedha bila majina.

Muuguzi wa Zamu
Nakubaliana na waliotangulia, lakini siri nyingi hazitoki kwa barua. Zinatokea dirishani. Kitabu cha MTUHA namba 5, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, kikiwa wazi mezani, aliyekaa mbele anasoma jina, umri, makazi na ugonjwa wa waliomtangulia. Kata karatasi ngumu yenye uwazi wa upana wa mstari mmoja, uilaze juu ya ukurasa. Mstari unaoandikwa tu ndio unaoonekana.

Msiweke alama kwenye jalada, iwe nyota nyekundu au B20 (msimbo wa ugonjwa wa VVU). Mnadhani ni fumbo la watumishi, lakini mtaa mzima umeshajua maana yake. Kwenye foleni mwite mtu kwa namba, na "umekuja kuchukua dawa zipi?" isiulizwe kwa sauti.

Picha za eksirei kwenye makundi ya WhatsApp: jina lipo pembeni ya picha, likateni kabla ya kuomba ushauri. Na makaratasi ya zamani yachomwe. Yakiuzwa kwa kilo yanaishia kufungia karanga, majina yakiwa juu.

Mapokezi Tabata
Ahsanteni sana. Moja limebaki: mgonjwa anasema kwenye faili ameandikwa kisukari na hana. Tufute?

Mtunza Masijala
Usifute wala usipake rangi nyeupe. Daktari akague vipimo kwanza. Ikiwa ni kosa, apige mstari mmoja ili maandishi ya awali yasomeke, aandike taarifa iliyo sahihi pembeni, tarehe, jina na sahihi yake. Ikiwa daktari anasimamia alichoandika, maelezo ya mgonjwa yaambatanishwe palepale. Kisha mjulishe kila mliyempelekea taarifa ya zamani, wakiwemo bima. Hapo ndipo lile daftari la kutolea linapowaonyesha ni akina nani.