Land Rover Series III: geji ya mafuta na ya joto zote zinasoma juu

landi_78
Wakuu, naomba msaada. Gari ni Series III ya 1978, petroli. Tangi likiwa nusu, geji inaonyesha karibu limejaa. Ya joto inakaribia nyekundu, lakini rejeta nimeipima kwa kipimajoto na maji yako kawaida. Taa za dashibodi hufifia nikiwasha taa kubwa. Fyuzi nzima. Nianze na sensa ya joto au floti ya tangi?

fundi_waya
Usinunue chochote kwanza. Geji mbili zikikosea pamoja, tafuta kinachozilisha zote. Nyuma ya dashibodi kuna stabilaiza, kijiboksi cha bati kinachopokea umeme wa betri na kuzipa geji wastani wa volti 10. Ndani mna ulimi wa metali mbili uliozungushiwa waya: ukipata moto unapinda na kukata umeme, ukipoa unaunga tena. Waya huo unapata ethi (njia ya kurudi hasi ya betri) kupitia bati la kijiboksi chenyewe. Ethi ikipotea, ulimi haupati moto, haukati, na volti zote za betri zinaingia kwenye geji. Injini ikiwaka hiyo ni volti 14. Kama pointi, yaani ncha zinazokata na kuunga umeme, zingeungua, sindano zote mbili zingelala.

Taa kufifia nako kunaonyesha ethi mbovu. Toa waya hasi wa betri, fungua kebo ya spidi, vuta dashibodi. Rudisha betri, washa suichi ya ufunguo, gusisha taa ya kupimia kwenye waya wa kijani hafifu, ule unaotoka stabilaiza kwenda kwenye geji. Ikimetameta, stabilaiza ni nzima. Ikiwaka mfululizo, funga waya kutoka bati lake hadi hasi ya betri, usubiri dakika moja. Ikianza kumeta, tatizo ni ethi.

mtambo_wa_pwani
Nyongeza: kwa kazi hii mita ya dijitali inapotosha, namba zinarukaruka kati ya 0 na 12. Itumie kupima ethi. Washa taa, weka ncha moja kwenye bati la stabilaiza na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, safisha kwa msasa kila mahali waya mweusi unapofungwa. Bodi ya Landi ni aluminiamu na skrubu ni chuma. Kwa hewa ya chumvi hapo hulika haraka sana.

Na tafadhali, asikudanganye mtu ugusishe waya wa floti kwenye bodi na kuuacha. Sekunde mbili zatosha kuona sindano ikipanda, ukizidisha unaunguza geji. Lifanye upande wa dashibodi, si kwenye tangi penye mvuke wa petroli.

landi_78
Mita imesoma volti 1.9. Nimesafisha, sasa 0.1, ila taa bado inawaka mfululizo.

fundi_waya
Basi pointi zimegandana. Weka reguleta 7810 (kifaa cha kielektroniki kinachotoa volti 10) mahali pa stabilaiza: mguu wa kwanza waya wa kijani, wa kati ethi, wa tatu kijani hafifu. Ongeza kapasita ya 0.33 µF kati ya mguu wa kwanza na ethi, na 0.1 µF kati ya wa tatu na ethi. Geji mbili hazifiki ampea 0.5, lakini reguleta hupata moto, kwa hiyo ifunge kwa bolti kwenye bati. Mgongo wake ni ethi, kwa hiyo kwenye gari ambalo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi kama lako, hauhitaji kutenganishwa na bati. Geji ya mafuta ikiendelea kukosea baada ya hapo, ndipo upime floti: karibu omu 240 tangi tupu, karibu 20 likijaa.