Naomba ushauri: kasisi wetu anaumbua waongo wote, gemu limekufa

Mwana_Ngamiani: Wakuu heshima kwenu. Tupo watu watano hapa Ngamiani tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi baada ya isha, barazani, lile gemu la mezani la dadu na karatasi, sio la simu. Mimi ndio msimulizi, yaani hadithi naiendesha mimi. Sasa kuna mwenzetu anacheza kasisi, kapata ile speli, yaani uchawi, ya Zone of Truth, ikikushika huwezi kusema uongo, sisi tunaita zoni, basi tangu aipate hakuna anayehojiwa bila zoni, muuza samaki zoni, bawabu zoni, mtoto kapoteza mbuzi wa babu yake zoni. Na hadithi yenyewe ni ya upelelezi, nani kaiba dhahabu, sasa ukishapiga zoni kuna upelelezi gani tena hapo. Akatazwe au tufanyeje? Nawasilisha.

Shombo_la_Papa: Akatazwe. Uzi ufungwe.

Binti Pangani: Asikatazwe kaka, kwani kafanya kosa gani, kusoma kanuni? Zoni ni speli ya daraja la 2 tu, inakaa dakika 10, eneo lake futi 15 kutoka katikati kwenda kila upande, na anayehojiwa anajua fika kuwa yumo ndani. Halazimishwi kusema. Atanyamaza, atazungukazunguka, atajibu swali ambalo hakuulizwa, ilimradi asitamke uongo. Halafu inazuia uongo wa kukusudia tu, mtu aliyedanganywa na yeye akaamini atakwambia upuuzi mtupu kwa moyo mweupe. Leta mashahidi watatu wa hivyo, kila mmoja na lake, uone huyo kasisi atakavyotoka jasho.

Mzee wa Chumbageni: Mmenikumbusha mbali. Shangazi yangu alikuwa anakaa Makorora akaibiwa cherehani, ndio iliyokuwa inamlisha. Hakwenda polisi wala kwa mganga, alipita nyumba hadi nyumba na mtandio wake anasalimia, anauliza hali za watoto, akishamaliza anasema Ijumaa baada ya swala inasomwa halbadiri kwa ajili ya cherehani yangu, basi jirani nisije nikalaumiwa. Alhamisi alfajiri cherehani ipo kibarazani imefunikwa kanga, na imetiwa mafuta. Halbadiri yenyewe mpaka shangazi anafariki haikusomwa. Kasisi wenu anakosea sehemu moja, anapiga kabla hajatisha.

Ummu Zawadi: Yaani Tanga kwa jina tulilonalo huko nje, ukisema tu unatoka Tanga mtu anarudisha mkono, halafu vijana mnakaa barazani usiku mnapanga uchawi kwa madaraja. Bao limewakosea nini?

Shombo_la_Papa: Ummu, bao nalo lina wezi, babu yangu alikuwa anaficha kete mbili kwenye kikoi 😂

Mwana_Ngamiani: Nashukuru wote. Binti Pangani umeongea vizuri ila mashahidi hawatosaidia, maana Jumamosi hii anayehojiwa ni mwizi mwenyewe.

Binti Pangani: Mwizi ni nani?

Mwana_Ngamiani: Mweka hazina.

Binti Pangani: Sijauliza kazi yake. Anachezwa na nani, na msimulizi au na mchezaji?

Mwana_Ngamiani: Sawa, ni mchezaji. Ndani ya kundi kuna mmoja ndio anashika hela na ndio kaiba, vipande 400 vya dhahabu, wenzake hawajui. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtaanza kuhukumu. Na tafadhali msiniambie akiri, hakuiba kwa tamaa, alikuwa anamkomboa dada yake kwa maharamia na kundi lilikataa kutoa hata senti, sasa hapo mwenye kosa nani? Pete ya uchawi ya kukinga mawazo, Ring of Mind Shielding, keshainunua, Jumamosi anaivaa. Ninachotaka kujua ni kama itamlinda basi.

Shombo_la_Papa: Kumbe ushauri alishajipa, anatafuta wa kuitikia amina.

Binti Pangani: Hiyo pete watu wameibishania sana. Inazuia uchawi wa kusoma mawazo na uchawi wa kutambua kama unadanganya. Zoni haitambui kitu, zoni inaufunga mdomo usidanganye, ni vitu viwili tofauti, msimulizi mkali atasema pete haifui dafu. Tena pete inataka kuzoewa kwanza, mapumziko mafupi, saa nzima. Na dadu ya kujikinga na zoni hairushwi mara moja, kila zamu unayoanzia mle ndani unarusha upya, dakika 10 ni raundi 100, utashinda zote? Na kasisi anaambiwa kila mara kama umeshinda au umefeli. Anakaa tu anakusubiri.

Mwana_Ngamiani: Raundi 100?? Ndio maana wiki iliyopita alipogusia tu habari ya dhahabu msimulizi akanitazama, nikaanza kucheka kama mjinga, nadhani keshashtuka.

Chungwa la Muheza: Hii chai. Tena haina hata mchaichai. Gemu la Wamarekani la 1974, lije lichezwe Ngamiani, dadu ya pande 20 mlinunua duka gani, pale wanapouza ndoano?

Mwana_Ngamiani: Seti moja aliileta binamu yangu kutoka Dar, wengine tunarusha kwa programu ya kwenye simu. Kama huamini njoo Jumamosi, vitumbua vipo.

Chungwa la Muheza: Haya dadu nimekubali. Sasa rudi juu kidogo usome ulichoandika. Msimulizi "akanitazama"? Si msimulizi ni wewe?

Mwana_Ngamiani: Simu hiyo mkuu, inajibadilishia maneno.

Shombo_la_Papa: Simu imejibadilishia mtu mzima 😂😂

Chungwa la Muheza: Ngoja nipige zoni mimi. Jibu kwa ndio au hapana, mweka hazina ni wewe?

Mwana_Ngamiani: Kaka, mweka hazina ni mtu wa hadithi. Hayupo duniani.

Binti Pangani: Hajadanganya hapo 😂 yumo ndani ya duara kabisa huyu.

Ummu Zawadi: Na huyo dada yake, alikombolewa?

Mwana_Ngamiani: Alikombolewa mama, yupo salama.

Mzee wa Chumbageni: Cherehani irudi kabla ya Ijumaa.

Mwana_Ngamiani: Jamani swali langu lipo palepale. Ile saa moja ya kuizoea pete, ukiwa unakula na kupiga soga na wenzako huku umeivaa, inahesabika?

Binti Pangani: Muulize msimulizi.